Zuhura hujizungusha kinyume, lakini Mirihi haijageuka



Hivi karibuni, baada ya darsa ya Magharibi, kijana mmoja alitujia na simu mkononi akatusomea ujumbe ambao bila shaka baadhi yenu mmeupata, kwani umekuwa ukizunguka kwa miaka mingi. Unadai kwamba wanasayansi wameiona sayari ya Mirihi ikipunguza mwendo, ikasimama, kisha ikarudi nyuma. Basi huko jua sasa linachomoza magharibi, na zamu ya dunia yetu imekaribia. Mwishoni msomaji huhimizwa autume kwa wenzake. Kijana alitaka tuusome mbele ya waumini siku ya Ijumaa. Tulimkatalia, na ni haki yake na yenu kujua sababu.

Kwamba jua litachomoza magharibi kabla ya Kiyama ni jambo lililothibiti katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, wala hatuna shaka nalo. Tatizo ni ushahidi unaobandikwa juu yake. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo, Mirihi kwa siku 687. Kila baada ya miezi 26 hivi dunia huikuta Mirihi na kuipita. Aliyepanda basi linalolipita lori huliona lori lile kana kwamba linarudi nyuma, ilhali yote mawili yanakwenda mbele. Wanafalaki wa Kiislamu waliyajua marejeo haya ya sayari na kuyapigia hesabu katika majedwali yao karne nyingi kabla ya darubini. Ama kujizungusha kwenyewe, Mirihi hujizungusha kwa saa 24 na dakika 37, upande uleule wa dunia yetu. Huko jua huchomoza mashariki kama hapa.

Ajabu ni kwamba ipo sayari ambayo jua lake huchomoza magharibi kwelikweli, na ujumbe ule haukuitaja. Ni Zuhura, ile nuru kali tunayoiona baada ya jua kuchwa au kabla ya alfajiri kuisha. Mawingu yake ni mazito hata darubini haioni ardhi yake. Ilibidi wataalamu waipige kwa mawimbi ya rada kutoka Goldstone, California, na mwaka 1962 mwangwi uliorudi ukaonyesha kuwa inajizungusha kinyume, tena polepole mno. Mzunguko mmoja huchukua siku 243 za dunia, na mwaka wake ni siku 225 tu! Katika ikweta yake ardhi husogea kama kilomita sita na nusu kwa saa. Mtu mwenye hatua za haraka angeweza kushindana nayo.

Kwa nini iwe hivyo? Tuanze na jirani yake, Utaridi. Kama mwezi unavyoyavuta maji ya bahari yakajaa na kupwa, ndivyo jua linavyoivuta sayari iliyo karibu nalo ikavimba kidogo, hata kama ni mwamba mtupu. Uvimbe huo hufanya kazi ya breki. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa Utaridi hulielekezea jua uso mmoja daima, mpaka mwaka 1965 rada ya Arecibo, Puerto Rico, ilipoonyesha kuwa hujizungusha kwa siku 59 hivi: mara tatu kamili kwa kila miaka yake miwili.

Zuhura nayo imepigwa breki hiyo, lakini ina jambo la ziada. Hewa yake ni nzito mara 90 na zaidi kuliko yetu. Jua huipasha moto, hewa hutanuka na kuhama, uzito wake hauwi sawa pande zote, na jua likiuvuta uzito huo uliohama, hewa huisukuma sayari kwa namna inayopingana na ile breki. Mwaka 2001 Alexandre Correia na Jacques Laskar walionyesha kwa hesabu kwamba nguvu hizo mbili zikishindana kwa muda mrefu zinaweza kuiacha sayari ikijizungusha kinyume: ama mhimili wake umepinduka, ama imepungua mwendo hadi kusimama kisha ikaanza upya upande wa pili. Wako pia wanaosema iligongwa na gimba kubwa ilipokuwa changa. Sisi tunaona hoja ya hewa ina nguvu zaidi, kwa kuwa athari yake ingalipo: vipimo vya rada vya miaka ya 2006 hadi 2020 vilionyesha urefu wa mzunguko wa Zuhura ukibadilika kwa dakika 20 hivi.

Dunia yetu nayo hupunguzwa mwendo na mwezi, lakini siku hurefuka kwa takriban elfu mbili za sekunde katika karne nzima. Atakayetafuta tarehe ya Kiyama humo hataipata.

Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mfiwa huyo angeweza kunyamaza, na maneno yale yangemtukuza machoni pa watu. Hakunyamaza. Aliwaambia kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote.

Kijana wetu alisikiliza, akaufuta ujumbe. Kisha akauliza: huko Zuhura, ambako mchana mmoja ni kama siku 58 zetu, mtu angefungaje Ramadhani? Tulicheka, lakini jibu lake limo katika hadithi ya Dajali aliyoipokea Muslim. Maswahaba waliposikia habari ya siku moja iliyo ndefu kama mwaka, waliuliza kuhusu swala zake, wakaambiwa wakadirie.