Kuhesabu Maradhi: Elimu ya Takwimu za Afya

Kabla ya somo: Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matano: takwimu, uwiano, kaya, sampuli, shahada ya uzamili. Kila mwanafunzi ayanakili katika daftari lake.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma tarakimu, kuziandika, kujumlisha na kugawanya. Leo tutaona jinsi tarakimu hizo hizo zinavyoweza kuokoa uhai wa mtu. Tutaona pia kuwa vyuo vikuu vinafundisha kazi hiyo, na tutauliza chuo kinapoianzisha elimu ya namna hiyo kinapaswa kuipanga vipi.

Elimu hiyo inaitwa takwimu za afya. Takwimu ni hesabu zilizokusanywa kwa utaratibu ili zitupe jibu la swali. Takwimu za afya ni hesabu za wagonjwa, za waliopona, za waliozaliwa na za waliokufa.

1. Maradhi yaliyotokea kwetu

Tuanze na habari ya hapa kwetu. Mwaka 1952 na 1953 maradhi mageni yaliwapata watu wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na watu wa Masasi, chini yake. Mtu aliamka mzima, na kabla ya jua kutua alikuwa na homa kali. Viungo vilimwuma mno hata akashindwa kusimama wima. Wenyeji waliyapa maradhi hayo jina la chikungunya, kutokana na neno la Kimakonde kungunyala, maana yake kukunjamana. Jina hilo sasa hutumiwa na madaktari wa dunia nzima. Ni jina lililotoka vinywani mwa wazee wetu.

Kwanza ilidhaniwa kuwa ni homa ya dengi, kwa sababu maradhi hayo mawili yanafanana. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, mmoja baada ya mwingine. Daktari W. H. R. Lumsden, kutoka taasisi ya uchunguzi wa virusi iliyoko Entebbe, Uganda, alichunguza jinsi maradhi yalivyoenea vijijini. Mwenzake, R. W. Ross, alikipata kirusi chenyewe. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Sasa sikilizeni vizuri. Kirusi hakionekani kwa macho. Lakini wagonjwa wanaonekana, nao wanahesabika. Mchunguzi huuliza: Ni nyumba zipi zimepata wagonjwa, na zipi hazikupata? Waliugua lini? Je, mbu wako ndani ya nyumba hizo? Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Watu waliteremka mbali mabondeni kuteka maji, na walipoyaleta nyumbani waliyaweka akiba ndani ya mitungi. Mbu aitwaye Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, hupenda kuzaa katika maji yaliyowekwa hivyo, na huuma mchana. Kwa hiyo shida ya maji na maradhi ya viungo, mambo yaliyoonekana kuwa mbalimbali, yalikuwa na uhusiano.

Mwalimu asimamishe hapa kidogo. Wanafunzi wajibu: Kwa nini kufunika mtungi ni kinga?

2. Idadi peke yake haitoshi

Tuseme kijiji cha kwanza kina wagonjwa 30, na kijiji cha pili kina wagonjwa 20. Bwana mganga ana dawa za kijiji kimoja tu. Aende wapi kwanza? Wengi watasema aende kwenye wagonjwa 30. Ngojeni. Kijiji cha kwanza kina watu 600, na cha pili kina watu 200. Hebu tugawanye. Katika kijiji cha kwanza wameugua watu 5 katika kila 100. Katika kijiji cha pili wameugua watu 10 katika kila 100. Maradhi yamekishika zaidi kijiji cha pili, ingawa wagonjwa wake ni wachache.

Hesabu hiyo inaitwa uwiano. Mtu akikuletea idadi ya wagonjwa, mwulize mara moja: Katika watu wangapi? Swali hilo dogo ndilo mlango wa elimu hii yote.

3. Korosho chache za gunia

Je, lazima kumwuliza kila mtu? Hapana. Mnunuzi wa korosho havunji korosho zote za gunia ili ajue ubora wake. Huchukua chache na kuzipasua. Lakini mnunuzi mwenye akili huzichukua juu, katikati na chini, maana akichukua za juu tu anaweza kudanganywa. Korosho hizo chache ni sampuli.

Mwaka 2004 chikungunya iliingia katika kisiwa cha Lamu, Kenya. Wachunguzi hawakupima damu ya kisiwa kizima. Walipima damu ya watu wasiofika 300, wakaona kuwa yapata watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Wengi wa hao hawakuwa wameandikwa katika daftari la zahanati yoyote. Kama tungetazama daftari peke yake, tungedhani maradhi yalikuwa madogo.

Lakini sampuli ina sheria zake. Ukiwauliza watu wa kando ya barabara tu, utakosa habari za walioko mbali. Ukiwauliza wanaume tu, utakosa habari za wanawake. Kwa hiyo watu huchaguliwa kwa kura, ili kila mtu awe na nafasi sawa ya kuulizwa.

4. Mama wazazi na umbali wa hospitali

Mwaka 2007 kazi kubwa ilifanyika katika wilaya 5 za kusini: Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini. Wahesabuji walipita katika kaya zipatazo 226,000. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Waliuliza nani amezaliwa, nani amekufa, na mama gani amefariki kwa ajili ya uzazi. Kadhalika walipima umbali kutoka kila nyumba hadi hospitali.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, nayo yanasikitisha. Kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, mama 712 walifariki. Halafu wachunguzi walitazama vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi, kama vile kutoka damu nyingi. Kwa mama waliokaa karibu na hospitali, chini ya kilomita 5, vilikuwa vifo 111. Kwa mama waliokaa mbali kupita kilomita 35, vilikuwa 422. Ni karibu mara 4.

Fikirini maana yake. Kila mzee wa kijiji alijua kuwa hospitali iko mbali. Kila familia iliyofiwa iliijua huzuni yake. Lakini huzuni ya nyumba moja huonekana kuwa ni bahati mbaya ya nyumba hiyo. Zilipowekwa pamoja ndipo ilipoonekana kuwa umbali wenyewe una sehemu yake katika vifo hivyo. Sasa mtu anayeomba gari la wagonjwa, au chumba cha upasuaji katika kituo cha karibu, ana ushahidi mkononi.

5. Fedha ziende wapi?

Mfano mwingine unatoka Rufiji na Morogoro. Katika miaka ya 1990 wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu walikufa kwa maradhi gani. Huko Morogoro ilionekana kuwa malaria ilichukua yapata 30 katika kila 100 ya miaka ya uhai iliyopotea. Lakini katika mwaka 1996 fedha za afya zilizotengwa kwa malaria zilikuwa yapata 5 tu katika kila 100. Wakuu wa afya wa wilaya walipoonyeshwa hesabu hizo, walibadili mpango wao wa fedha na wa dawa. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Si hesabu peke yake iliyofanya hivyo. Wauguzi walifundishwa, na dawa zilipatikana. Lakini hesabu ilionyesha njia.

6. Nani atafanya kazi hiyo?

Kuhesabu kwa namna hii ni ufundi. Fundi asiyejifunza huharibu mbao. Mhesabuji asiyejifunza huharibu mpango wa wilaya nzima. Kwa hiyo kuna masomo yake. Dar es Salaam kiko Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1961. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kina idara ya epidemiolojia na takwimu za afya. Chuo cha KCMC huko Moshi kimekuwa kikitoa shahada ya uzamili katika elimu hizo. Shahada ya uzamili ni masomo ya juu anayosoma mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza. Tangu katikati ya miaka ya 2010, vyuo vikuu kadhaa vya Afrika vimeshirikiana, vikiongozwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg, ili kuwafundisha Waafrika wengi zaidi takwimu za afya.

Shahada za uzamili ziko za aina mbili. Moja humwandaa mtu awe mtafiti na mwalimu wa chuo. Nyingine humwandaa kwa kazi: hospitalini, wizarani, mkoani. Chuo kinachotaka kuanzisha hiyo ya pili kifuate hatua hizi:

Kwanza, kiwaulize watakaowaajiri wahitimu: Mnahitaji mtu wa kufanya nini? Kisianze na vitabu, kianze na kazi.

Pili, kipange masomo yanayotosha kazi hiyo. Mwanafunzi ajue ni watu wangapi wa kuulizwa. Ajue kupiga kura ya haki. Ajue kutumia kompyuta. Tena ajue kutofautisha jambo la kweli na la bahati. Ukirusha shilingi mara 10 ikaanguka kichwa mara 7, usiseme shilingi ni mbovu. Huenda ni bahati tu. Ikiwa ni mara 700 katika 1,000, hapo pana jambo.

Tatu, kimfundishe adabu ya kazi. Habari za mgonjwa ni amana. Mtu aulizwe kwa ridhaa yake, na jina lake lisitangazwe.

Nne, kimpeleke wilayani kufanya mazoezi. Mtu aliyesoma madaftari safi ya chuoni tu atashangaa akiliona daftari la zahanati lililolowa mvua, lenye kurasa zilizokosekana.

Tano, kimfundishe kusema kwa lugha ya watu. Hesabu isiyoeleweka na diwani, wala na mama wa kijijini, imekaa bure.

Mwisho, mpango wote upelekwe kwenye Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo hukagua masomo na walimu kabla ya kutoa idhini.

Masomo haya yana gharama, nayo huchukua muda. Wako wanaosema ni afadhali fedha hizo zinunue dawa. Hoja yao si ya kudharau, maana mgonjwa hanywi tarakimu. Lakini kumbukeni habari ya Morogoro: fedha zilikuwapo, bali zilikwenda pasipo na haja kubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kinachovuja hakijai.

7. Sehemu yetu sisi

Msidhani kazi hii ni ya wasomi peke yao. Tarakimu ya mwenye shahada huanzia nyumbani kwako. Mtoto akizaliwa, mwandikishe. Mtu akifariki, kifo chake kiandikishwe pia. Mhesabuji akibisha hodi, mwambie umri wa kweli na idadi ya kweli. Usiwafiche watoto, wala usiwaongeze. Na wewe uliyejifunza kuandika katika darasa hili, soma kadi ya kliniki ya mwanao, uone kama uzito wake unapanda au unashuka. Hiyo nayo ni takwimu, na mwenyewe ndiye mtaalamu wake wa kwanza.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Neno chikungunya limetoka katika lugha gani, na maana yake ni nini?
2. Kijiji kina watu 400, na wagonjwa ni 12. Wameugua wangapi katika kila 100?
3. Kwa nini mnunuzi wa korosho hachukui sampuli ya juu ya gunia tu?
4. Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali ni kilomita ngapi? Mama mjamzito husafiri kwa njia gani, na usiku je?
5. Kama wilaya yenu ingepeleka kijana mmoja kusoma takwimu za afya, mngetaka akirudi awahesabie jambo gani kwanza?

Kazi ya nyumbani: Hesabu mitungi, mapipa na ndoo za maji nyumbani kwako. Andika ni vingapi vimefunikwa na vingapi viko wazi. Wiki ijayo darasa zima litajumlisha, kisha litatafuta uwiano.