Binti wa Modogashe na Somo la Uchanganuzi



Modogashe ni mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa Kenya, mahali ambapo barabara ya kutoka Garissa hukutana na ile ya kutoka Isiolo kabla ya kuelekea Habaswein na Wajir. Mnamo Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, tume ya kuajiri walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Madarasa mengi yakabaki bila mwalimu. Tiba ya kudumu ni mwalimu aliyezaliwa huko huko, na kwa shule za wasichana, mwalimu wa kike.

Binti anayetaka kufundisha hisabati sekondari mara nyingi hupita chuo kikuu. Huko, kwa kawaida mwaka wa pili au wa tatu, hukutana na somo la uchanganuzi wa namba halisi. Wengi waliotoka sekondari na alama ya juu huanguka katika jaribio la kwanza. Binti hudhani akili imemtoka, na wazazi hudhani amezembea. Mara nyingi si hivyo wala hivyo: kazi yenyewe imebadilika. Sekondari alipewa kanuni, akaitumia, akapata jibu. Sasa jibu lajulikana tangu mwanzo, naye atakiwa aonyeshe, kwa hoja zisizo na pengo, kwa nini ni kweli.

Tutoe mfano. Sehemu za namba twazijua kutokana na mirathi: nusu, robo, thumuni, thuluthi, sudusi. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr kwa hesabu za wasia na mirathi. Je, sehemu hizo zatosha kupima kila urefu? Tandika mkeka wa mraba wenye upande wa mita 1, kisha pima kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Utapata karibu mita 1.414. Lakini ukiigawa mita hata mara milioni, hutapata sehemu itakayoutaja urefu huo sawasawa. Namba za aina hii, pamoja na sehemu na namba nzima, ndizo ziitwazo namba halisi.

Sasa jumlisha nusu, robo, thumuni, na kuendelea. Jumla haifiki 1, ila huikaribia kadiri utakavyo. Maneno hayo, "kadiri utakavyo", ndiyo Cauchy wa Ufaransa mwaka 1821, na Weierstrass wa Ujerumani baadaye, walioyapa maana kamili. Mtu na akutajie kipimo chochote cha ukaribu, hata kiwe kidogo vipi. Nawe umwonyeshe ni hatua gani utakapoingia ndani yake usitoke tena. Akitaka pengo lisizidi sehemu moja ya elfu, hatua ya kumi yatosha, kwani hapo limebaki 1/1024. Kipimo hicho huitwa epsiloni, na ndicho kinachowatoa wengi jasho.

Binti aliyelelewa madrasani ana silaha moja tayari: amezoea kuhifadhi. Na aihifadhi kila fasili neno kwa neno, kisha aijaribu kwa mifano yake mwenyewe, kisha amweleze mwenzake kitabu kikiwa kimefungwa. Asione haya kumwendea mhadhiri mapema. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, mwaka 2014, alijieleza kuwa mtu wa kufikiri polepole.

Nanyi wazazi, anaporudi likizo, mpeni walau saa mbili za utulivu kila siku, kazi za nyumbani zigawanywe na kaka zake. Karatasi moja aliyoshindwa isiwe sababu ya kumwachisha masomo wala kumharakishia ndoa. Somo hilo laweza kurudiwa na kufaulu. Bali binti aliyetolewa chuoni ni nadra kurudi, na darasa lililokuwa likimngoja Modogashe hubaki likingoja.

Allah awafanyie wepesi mabinti zetu. Amin.