Kijana Hapimwi kwa Asiyoyatenda

Kila tunapokutana na mzazi baada ya Swala ya Ijumaa tukamuuliza hali ya mwanawe aliyekwishabaleghe, jibu tulipatalo halibadiliki sana: "Alhamdulillahi, Sheikh, hajambo. Havuti, hanywi, hazururi usiku, wala polisi hawajamtia mkononi." Mzazi husema hayo kwa furaha, nasi humshukuru Mola pamoja naye. Lakini hebu tazama, ndugu msomaji, jinsi jibu hilo lilivyojengwa. Tumeelezwa mambo manne ambayo kijana hayafanyi, na hatukuelezwa hata moja analolifanya. Lau tungemuuliza mzazi yuleyule juu ya mbuzi wake, angetueleza anakula nini, anatoa maziwa kiasi gani na atazaa lini.

Jambo hili halikugunduliwa na sisi. Profesa Richard Lerner, wa Chuo Kikuu cha Tufts kilichopo Massachusetts nchini Marekani, amelieleza kwa miaka mingi kuhusu jamii yake. Hoja yake ni kwamba watu wamekuwa na msamiati mpana sana wa maovu ya vijana, na msamiati finyu mno wa wema wao, hata kijana mwema akawa ni yule tu asiyeonekana katika maovu. Yeye na wenzake wakajenga nyanja ya utafiti ambayo kwa lugha yetu tunaweza kuiita makuzi chanya ya vijana, nayo huuliza swali lililo kinyume cha mazoea: kijana anayestawi ana nini ndani yake, na amekipata wapi?

Ili tuelewe uzito wa swali hilo, hapana budi turejee nyuma kidogo. Mwaka 1904, G. Stanley Hall, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Clark, alitoa kitabu cha juzuu mbili juu ya umri wa ujana, akauelezea kuwa ni kipindi cha tufani na msukosuko. Fikra hiyo ilienea duniani, ikaingia katika vyuo vya ualimu na hatimaye katika vikao vya wazazi. Baadaye walitokea watafiti waliowafuata vijana wa kawaida, si wale waliokwisha kufikishwa kwa tabibu au kwa hakimu, wakakuta kwamba walio wengi hupita umri huo bila ya tufani yoyote kubwa, na huwapenda wazazi wao. Hata hivyo fikra ya kwanza haikung'oka. Mpaka leo, mtoto akitimiza miaka 13 tunaanza kumtazama kama mtu anayeitazama mvua ikija kutoka baharini.

Utafiti uliotugusa zaidi ulifanyika mbali na vyuo vikubwa, katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii. Emmy Werner wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Davis, akishirikiana na wenzake, aliwafuatilia watoto wote waliozaliwa kisiwani humo mwaka 1955, idadi yao 698, tangu walipokuwa matumboni mwa mama zao hadi walipofika umri wa miaka 40. Wengi walikuwa watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa. Takriban theluthi moja yao walizaliwa katika hali ngumu iliyorundikana: umaskini, uzazi wenye matatizo, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Kati ya hao wenye mzigo mzito, theluthi mbili walipata matatizo ya masomo, ya tabia au ya afya ya akili kabla ya kutimiza miaka 18. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa ni theluthi iliyobaki, watoto 72, ambao walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wenye kujiamini na wenye huruma.

Watafiti walipochunguza ni kitu gani kiliwatenganisha na wenzao, hawakukuta mali wala jina la ukoo. Walikuta kwamba watoto wale, pamoja na kuwa wengi wao walikuwa na tabia changamfu tangu utotoni, walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewakubali na kusimama nao. Kwa baadhi yao mtu huyo hakuwa mzazi: alikuwa bibi, shangazi, kaka mkubwa, mwalimu, jirani au kiongozi wa dini. Walikuta pia kwamba wengi katika watoto hao walikuwa na kazi ya lazima nyumbani, kama vile kulea wadogo zao, kazi ambayo isingefanyika lau wao wasingeifanya. Na jambo la tatu, ambalo sisi tunaliona kuwa ni bishara njema: hata miongoni mwa wale walioharibikiwa ujanani, wengi walitengenea walipofika miaka ya thelathini na arobaini, baada ya kupata mlango wa pili, kama vile kurudi masomoni, ndoa iliyotulia au kujiunga na jamii ya waumini.

Tukirudi kwa Lerner, utafiti wake uliowahusu vijana wa vilabu vya 4-H na wengineo ulianza mwaka 2002 kwa watoto wa darasa la tano, na kwa miaka kadhaa ukawafikia vijana takriban 7,000 katika majimbo 42 ya Marekani. Humo alipima mambo matano, ambayo kwa lugha yao yote huanza kwa herufi moja: umahiri, kujiamini, mafungamano na watu, maadili, na kuwajali wengine. Yakikusanyika hayo huzaa la sita, nalo ni mchango: kijana kuwafaa nafsi yake, nyumba yake na mtaa wake.

Uadilifu wa elimu unatutaka tuseme pia mipaka ya utafiti huo. Vijana wale hawakuwa sura kamili ya Marekani, sembuse ya ulimwengu. Aidha, Lerner na wenzake wenyewe walikiri kuwa mambo hayakwenda kwa mstari ulionyooka: wapo vijana waliopanda katika mambo matano hayo na papo hapo wakaendelea kujaribu mambo ya hatari. Kwa hiyo anayedhani kwamba akimpa mwanawe kazi ya kujitolea na mpira wa miguu amemkinga na kila ovu, ajue kwamba hakuna mtafiti makini aliyemuahidi hivyo.

Msomaji atasema: hayo ni ya Marekani. Basi na tuje karibu. Nchini Kenya, kijana Tom Osborn, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na walimu na wenzake, aliandaa mafunzo aliyoyapa jina la Kiswahili: Shamiri. Matokeo ya jaribio lao lililowahusu wanafunzi 413 wa sekondari, waliokuwa na dalili za sonona na wasiwasi, yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la matabibu wa akili la Marekani. Nusu walifunzwa mbinu za kujisomea. Nusu nyingine walifunzwa kwamba mtu anaweza kubadilika, wakafunzwa kushukuru, na kuzitambua tunu wanazozithamini. Vikao vilikuwa vinne tu, kimoja kwa wiki. Waliofunza hawakuwa madaktari, bali vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu. Dalili za kundi la Shamiri zilipungua zaidi kuliko za wenzao, na tofauti ilikuwa bado ikionekana baada ya miezi saba. Katika nchi zetu, ambamo matabibu wa akili ni wachache mno, habari hiyo si ndogo.

Nasi tunalo la kukiri. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukisomesha madrasa, tulimfukuza mvulana wa miaka 14 mbele ya wenzake kwa sababu alikutwa na sigara. Ukutani palikuwa na kanuni kumi, na zote kumi zilianza kwa neno "usi". Baada ya wiki moja watoto saba wadogo kutoka mtaa wake nao wakaacha kuja. Tukasema amewachochea. Ilipita miezi mitatu ndipo mama mmoja alipotueleza kwamba yule mvulana ndiye aliyekuwa akiwakusanya watoto wale kila alasiri na kuwavusha barabara kuu, na kwamba baada yake hapakuwa na mtu wa kuwavusha. Hakuna aliyemtuma. Sisi tuliokuwa tukimuona kila siku tulikuwa tunaijua sigara yake tu. Tulimtafuta, tukaambiwa amekwenda kwa mjomba wake mkoani.

Mfano wa malezi tunao, na tunausimulia kila mwaka bila kuufuata. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Abu Umama, kuwa kijana alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume (s.a.w.) akamsogeza karibu, akamketisha, akamuuliza kama angeliridhia hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa shangazi na kwa mama zake wadogo, kisha akamwekea mkono na kumwombea. Wanazuoni wengi huhadithia hoja ile ya maswali. Sisi siku hizi tunashughulishwa zaidi na kule kusogezwa karibu, kwani kijana wa leo akiuliza swali kama hilo msikitini, hafiki hata safu ya pili.

Taasisi ya Search ya Minneapolis, katika orodha yake ya mambo 40 yanayomjenga kijana, imeweka kwamba awe na watu wazima watatu au zaidi, wasiokuwa wazazi wake, wanaomuunga mkono. Tulipoisoma tulichukua kalamu, tukaandika majina ya wavulana 11 wanaokaa kwenye baraza ya msikiti wetu baada ya Magharibi, tukajaribu kuandika mbele ya kila jina watu wazima watatu. Kwa wanne hatukuweza kuandika hata mmoja. Jina letu wenyewe tuliliandika mara mbili, na mara moja tulilifuta kwa kuona haya.

Tangu Ramadhani iliyopita, mmoja katika wale wanne anashika daftari la maji ya kisima cha msikiti: nani kachota, nani kalipa, fedha zimekwenda wapi. Bado huvuta sigara, na tumekwisha kusema naye juu ya hilo. Alhamisi iliyopita alitujia baada ya Isha na daftari lake, akalifungua mbele ya wazee wa kamati, akatuonyesha kwa kidole kuwa hesabu iliyopungua shilingi elfu nne ilikuwa ni ya kwetu.