Mzee Hajalewa, Wala Hajarogwa: Tuwasaidie Wazee Wetu Kutembea Bila Kuanguka



Karibu kila kijiji kina mzee wa namna hii. Anatembea ameinama mbele, hatua ni fupi fupi, miguu inaburuta chini. Mkono mmoja haupungi kama ule mwingine. Akifika mlangoni anasimama ghafla kama mtu aliyegundishwa na gundi. Unamwambia, "Babu, ingia," naye anataka kuingia, lakini mguu hauinuki. Akilazimisha, anaanguka.

Watu nao hawakosi la kusema. Mmoja atasema, "Huyo amekunywa." Mwingine, "Kuna kitu alifanyia watu." Watoto wake wanaona haya na kuanza kumwacha nyumbani hata siku ya Jumapili. Maneno ya uchawi si ya mchezo. Kule Kisii wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi mwaka 2008, na tena mwaka 2021. Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza ugonjwa mmoja unaoleta hali hii, na yale ambayo kikundi kinaweza kufanya bila kungoja msaada kutoka mbali.

UGONJWA HUU NI UPI?

Unaitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la daktari wa London, James Parkinson, aliyeuandika mwaka 1817. Si laana na hauambukizi. Ukila naye sahani moja au ukivaa koti lake, huwezi kuupata.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Dopamini ndiyo inayofanya mwendo uende wenyewe. Wewe ukitoka nyumbani kwenda kisimani, hufikirii, "Sasa niinue mguu wa kulia, sasa wa kushoto." Mwili unajua. Kwa mgonjwa wa Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini hufa pole pole, na ule mwendo wa kujiendea wenyewe unapotea. Nguvu za miguu bado zipo. Kinachokosekana ni ile amri ya kuanza na kuendelea.

Dalili kubwa ni hizi:

1. Mwili kuwa mzito na wa pole pole. Kufunga vifungo vya shati kunachukua muda mrefu.
2. Mkono kutetemeka ukiwa umetulia, kwa mfano ukiwa umewekwa juu ya paja. Lakini si kila mgonjwa hutetemeka.
3. Viungo kukakamaa, mara nyingi kuanzia upande mmoja.
4. Baadaye, kupoteza usawa wa mwili na kuanguka.

Uso unaweza kukosa tabasamu na sauti ikawa ndogo. Basi watu hudhani mzee amenuna au amepungukiwa na akili, kumbe anawasikia vizuri kabisa.

Tusidhani ugonjwa huu ni wa Wazungu peke yao. Katika wilaya ya Hai, kule Tanzania chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa kati ya watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa wa Parkinson. Walikuwa wanakaa tu nyumbani, wakiitwa wazee.

Na Wakatoliki tunayo kumbukumbu yetu. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea hapa Kenya mwaka 1980, 1985 na 1995, aliugua ugonjwa huu huu. Dunia nzima iliona mkono wake ukitetemeka na mgongo ukipinda, na baadaye akisukumwa kwenye kiti. Hakufichwa. Aliaga dunia mwaka 2005 akiwa bado katika utume wake. Kama Papa hakufichwa, mbona sisi tumfiche nyanya?

MACHO NA MASIKIO YANAWEZA KUSAIDIA MIGUU

Hapa ndipo penye habari njema. Ule mwendo wa kujiendea wenyewe umeharibika, lakini ubongo una njia nyingine. Mgonjwa akipata kitu cha kukanyaga kwa macho, au mdundo wa kufuata kwa masikio, mara nyingi miguu inatii. Mtu aliyegandama kwenye sakafu tambarare anaweza kupanda ngazi vizuri, kwa sababu kila kipandio kinamwonyesha pa kuweka mguu.

Kule kule Hai, wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za namna hii. Taarifa iliyotolewa mwaka 2010 ilionyesha kwamba mwendo wao uliboreka. Hawa ni watu wa shambani kama sisi. Basi hebu tuone tunavyoweza kufanya.

Mistari. Chora mistari myeupe ya chokaa ikikatiza njia ya mzee, kama vipandio vya ngazi iliyolazwa chini. Kati ya mstari na mstari acha nafasi ya hatua yake moja, karibu dhiraa moja. Anza kabla ya mlango na uendelee hadi ndani, maana mlangoni ndipo wengi hugandama. Tumia chokaa peke yake. Usilaze vijiti wala kamba, vitamkwaza.

Mdundo. Mwambie ahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, moja, mbili." Au mwimbe pamoja wimbo wa maandamano wenye mdundo thabiti. Usiwe wa mbio, kwa sababu mdundo wa mbio utafanya hatua ziwe fupi zaidi.

Kugeuka. Wagonjwa wengi huanguka wakigeuka. Asijizungushe papo hapo. Azunguke kwa duara pana, kama lori linavyogeuka uwanjani.

Jambo moja kwa wakati. Akitembea, asibebe kikombe cha chai na msimwulize habari za shamba. Mkitaka kuongea, simameni kwanza.

AKIGANDAMA, USIMVUTE

Kosa letu la kawaida ni kumshika mzee mkono na kumvuta, "Twende, twende!" Mwili wa juu unatangulia, miguu inabaki nyuma, na mzee anaanguka kifudifudi. Fanya hivi:

1. Simama kando yake, si mbele yake. Mwambie kwa upole, "Nyanya, tusimame kwanza."
2. Anyooke na apumue.
3. Ahamishe uzito polepole, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, kama mama anayembembeleza mtoto.
4. Mwonyeshe mstari au alama iliyo mbele yake. Hesabu, "Moja, mbili, tatu," kisha apige hatua kubwa, kisigino kikitangulia.

Kumharakisha kunaongeza kugandama. Hata kama matatu inapiga honi, acha ipige.

TENGENEZENI NYUMBA NA NJIA

Kazi hii inahitaji siku moja tu ya kikundi, na vifaa vingi viko nyumbani.

Njia ya chooni. Sawazisheni mashimo na mng'oe visiki na mawe. Ndani ya choo wekeni nguzo imara ya kushika kila upande. Ikiwezekana, seremala atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, ili mzee asichuchumae.

Usiku. Awe na ndoo au chombo cha kukojolea karibu na kitanda, na tochi mahali anapoifikia. Kwenda nje gizani ni hatari kubwa kwake.

Kiti. Kiti cha chini kinachodidimia kinamnasa. Apate kiti kigumu, kirefu kidogo, chenye mikono. Akitaka kuinuka, asogee ukingoni, avute miguu nyuma, ainame mbele hadi pua ipite magoti, ndipo ajisukume juu.

Viatu. Ndara zinatoka mguuni. Viatu vilivyofunika kisigino ni salama zaidi.

Fimbo. Mzee akisimama wima na mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Chini pigilieni kipande cha tairi kuukuu, kile cha kushonea akala, ili isiteleze. Lakini kuna mgonjwa ambaye fimbo humchanganya. Mjaribuni kwanza mkiwa karibu naye.

Kuamka. Wagonjwa wengi hushukiwa na shinikizo la damu wakisimama, wakaona kizunguzungu. Akitoka kitandani, aketi kwanza kama dakika mbili, ndipo asimame.

HOSPITALI NA DAWA

Si kila anayeanguka ana Parkinson. Macho mabovu, magoti, kisukari, pombe na dawa nyingine pia huangusha. Kiharusi huja ghafla, na mara nyingi upande mmoja wa mwili au mdomo unalegea. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Parkinson huja pole pole kwa miezi na miaka. Kwa hiyo tusijipimie wenyewe. Anzeni kwa mhudumu wa afya ya jamii au kituo cha afya, na ombeni barua ya kwenda hospitali ya kaunti.

Bebeni dawa zote anazotumia mzee. Dawa nyingine za kuzuia kutapika, kama metoklopramidi, na nyingine za ugonjwa wa akili, kama haloperidoli, zinaweza kuleta dalili hizi hizi au kuzizidisha. Daktari ndiye wa kuamua. Msiziache kwa amri yenu.

Ugonjwa wa Parkinson hauponi, lakini dawa iitwayo levodopa humsaidia mgonjwa kusogea vizuri. Inatakiwa imezwe saa zile zile kila siku. Nyama, maziwa na maharagwe vinaweza kuizuia kufanya kazi vizuri, kwa hiyo mara nyingi wagonjwa hushauriwa kuimeza kama nusu saa kabla ya chakula. Isikatwe ghafla, ni hatari. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: dawa inanunuliwa mwezi mmoja, mwezi wa pili pesa zimeisha.

Tumesikia pia habari za upupu. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Lakini mbegu hazina kipimo kimoja, na mtu akichemsha kwa kukisia anaweza kumzidishia mzee akatapika, akachanganyikiwa au akaanguka. Mwelezeni daktari kabla ya kujaribu.

AKIANGUKA

Msikimbilie kumwinua. Mwulizeni anaumwa wapi. Akishindwa kukanyaga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Msimkande wala msimvute. Mbebeni juu ya ubao au mlango hadi kwenye gari, mwende hospitali. Mzee aliyevunjika nyonga na kulazwa tu nyumbani mara nyingi hainuki tena.

Na hata kama hajaumia, uoga unabaki. Wengi wakianguka mara moja huacha kutembea kabisa. Miguu inalegea, na kuanguka kunazidi. Kila siku atembee kidogo, mtu akiwa kando yake. Kumkalisha kutwa nzima kwa kumhurumia si kumsaidia.

KAZI YA KIKUNDI

Msaada hauwi wote pesa. Kikundi chenye watu ishirini kinaweza kugawana siku: leo huyu amtembeze mzee hadi barabarani na kurudi, kesho yule. Mwingine akumbushe saa za dawa. Vijana wapake chokaa. Binti anayemtunza mama yake mchana na usiku naye apumzishwe, hata nusu siku kwa wiki, maana naye ni mgonjwa wa uchovu.

Upande wa pesa, hakikisheni familia imejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mzee aliyetimiza miaka 70 aulizwe kwa chifu kama ameandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hata kikundi kinaweza kutenga sehemu ndogo ya michango ili dawa isikatike.

Na juu ya yote, tuwarudishe wazee hawa kanisani na katika mikutano yetu. Tuwawekee kiti karibu na mlango, tufike mapema pamoja nao, tuwangoje wamalize sentensi zao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni wazee gani wameacha kutoka nyumbani? Ni lini tuliwatembelea mara ya mwisho?
2. Watu husema nini juu ya mzee anayetetemeka au kuanguka? Maneno hayo yanamletea nini?
3. Tembeeni pamoja kutoka kitandani kwa mzee mmoja hadi chooni, akikubali. Mmeona hatari ngapi?
4. Ni lipi moja tutakalotengeneza kabla ya mkutano ujao? Nani atafanya, na siku gani?