Jazz ya dansi na jazz ya watu wanne: Neno moja, kazi mbili

GARI la matangazo likipita mitaa ya mji wa Same na kutangaza kuwa bendi ya jazz itapiga saa saba mchana, wasikilizaji wake watagawanyika katika makundi mawili.

Kijana aliyezoea kusikiliza muziki wa Marekani kwenye simu yake atawaza watu wanne jukwaani: mpiga piano, mpiga besi, mpiga dramu na mmoja mwenye saksafoni au tarumbeta. Mzee aliyepata ujana wake miaka ya 1960 atawaza kitu kingine kabisa. Kwake jazz ni magitaa matatu, tumba, waimbaji wawili au watatu mbele, safu ya "midomo ya bata" nyuma yao, na mahali pa kuchezea.

Wote wawili watakuwa sahihi. Kinachowatenganisha si ujuzi wa muziki. Ni historia ya nani alinunua vyombo, nani aliwalipa wapigaji, na kwa nini Tanzania ilikuwa na bendi nyingi zilizojiita jazz huku kundi la jazz la watu wanne likiwa kitu adimu.

Katika jazz ya Marekani, ambayo santuri yake ya kwanza ilirekodiwa mwaka 1917, watu wanne ni kipimo cha kawaida. Besi hushika mwendo na sauti za chini, dramu hutoa mapigo, piano hupanga mfuatano wa sauti zinazoambatana, na mpigaji wa nne hubeba wimbo wenyewe. Wimbo hupigwa mara moja jinsi ulivyo. Kisha kila mmoja kwa zamu hutunga papo hapo juu ya mfuatano uleule, na mwishoni wote hurudi kwenye wimbo wa awali. Kundi la Dave Brubeck lililorekodi "Take Five" mwaka 1959, wimbo uliotungwa na mpiga saksafoni wake Paul Desmond, lilikuwa la watu wanne tu.

Kundi la namna hiyo halina gharama kubwa ya kusafirisha na halihitaji kumchezesha mtu. Linamtaka msikilizaji aketi na kufuatilia. Ndiyo maana linafaa kupiga saa ya chakula cha mchana, wakati wafanyakazi wa mjini wana muda mfupi na hawana nia ya kutoka jasho kabla ya kurudi ofisini.

Desturi ya onesho la saa hiyo ilipata umaarufu mkubwa jijini London wakati wa Vita Kuu ya Pili, ingawa muziki wenyewe haukuwa jazz. Kuanzia Oktoba 1939 hadi Aprili 1946, mpiga piano Myra Hess aliongoza maonesho ya muziki wa kale wa Ulaya katika jumba la sanaa la National Gallery, kwa kiingilio cha shilingi moja. Yalifanyika mchana kwa sababu ya wazi: usiku jiji lilizimwa taa kwa kuhofia ndege za adui. Vita vilipokwisha, wazo hilo lilibaki katika makanisa na kumbi za miji mingi, na wapigaji wa jazz nao wakalitumia.

Bendi zilizoitwa jazz nchini Tanzania zilizaliwa kwa haja nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944. Kabla yao kulikuwa na beni, ngoma ya mwambao iliyoiga bendi za kijeshi za wakoloni, ikiwa na vyeo, sare na vyama vyenye ushindani mkali. Wanachama walichanga, walizikana na walisaidiana. Dansi ilirithi mengi ya utaratibu huo. Bendi ilikuwa chama kwanza, na kundi la wapigaji baadaye.

Jina jazz lilitangaza kuwa chama hicho kina vyombo vya kisasa: tarumbeta, saksafoni, gitaa, dramu. Liliitenga bendi na ngoma ya kijijini kwa upande mmoja na taarabu kwa upande wa pili. Halikuahidi muziki wa Marekani. Kwa hakika, kilichosikika zaidi ni rumba ya Kuba, ambayo kuanzia mwaka 1933 ilienea Afrika kwa santuri za mfululizo wa GV. Hali ilikuwa hiyohiyo Kongo, ambako Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953 na OK Jazz ya Franco ikafuata mwaka 1956. Mtu akizisikiliza bendi hizo akitafuta New Orleans atasubiri sana.

Kwa kuwa bendi ilikuwa chama, jina lake lilieleza wenyewe ni akina nani. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilibeba jina la Jimbo la Magharibi alikotoka mwanzilishi wake, Iddi Nhende. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa ya watu wa kusini waliohamia jijini. Huko Tanga, kitovu cha mkonge, kulikuwa na Young Nyamwezi, bendi iliyowakumbusha wahamiaji kutoka bara kwao ni wapi. Katikati ya miaka ya 1960 iligeuka Jamhuri Jazz.

Hapo ndipo historia ya muziki huu inapopita chini ya Milima ya Upare. Mkonge haukuishia Tanga. Mashamba yalifuata tambarare hadi Makanya na Ndungu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Same, na manamba walifuata mashamba. Reli iliyotoka bandari ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ikipitia Hedaru, Makanya na Same. Barabara kuu nayo ilishika ukanda huohuo mwembamba kati ya milima na bonde la mto Pangani. Msafiri wa kawaida kati ya Tanga na Arusha hakuwa na njia nyingine.

Miongoni mwa waliohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga. Walikuwa wapigaji wa Jamhuri Jazz mjini Tanga. Mwaka 1970 waliondoka kwenda Arusha na kuunda Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka kuingia Kenya. Huko waliunda Simba Wanyika, bendi ambayo matawi yake, hasa Les Wanyika iliyojitenga mwaka 1978, yalitawala dansi la Nairobi kwa miaka mingi.

Safari ya namna hiyo huelezwa mara nyingi kuwa ni tamaa ya jina kubwa. Maelezo hayo hayatoshi. Katika bendi za wakati ule vyombo havikuwa mali ya mpigaji. Gitaa lilikuwa la chama, la mfadhili au la mwenye baa, na mpigaji aliyegombana na mwenye vyombo aliondoka mikono mitupu, hata kama nyimbo zilizoijaza kumbi zilikuwa zake. Kuhama kulikuwa njia yake pekee ya kujadili malipo. Aidha, mitambo ya kutengenezea santuri ilikuwa Nairobi, na Tanzania haikuwa na yake iliyofanya kazi. Aliyetaka sauti yake iuzwe dukani alilazimika kuitazama Kenya.

Milimani hali ilikuwa tofauti na tambarare. Waadventista Wasabato walifika Upare ya Kusini mwaka 1903 na kuweka kituo chao cha kwanza Giti, Mamba, na imani yao imeenea sana katika vijiji vya milimani. Kwa muumini wa kanisa hilo dansi na pombe ni mambo ya kuepukwa, na tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi ni Sabato. Bendi ya dansi, ambayo kote nchini huitegemea Jumamosi kuliko siku nyingine yoyote, ingekuta huko kwaya zikiimba kwa sauti nne. Ukitafuta watu wanne wanaogawana kazi ya muziki Upare, basi, pa kuanzia ni kanisani.

Hata hivyo muziki wa mchana si mgeni Tanzania. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Dar es Salaam walikuwa na "bugi", dansi la mchana la mwisho wa wiki. Jina lilitokana na neno la Kimarekani, lakini mpango ulikuwa wa wenyeji. Mwanafunzi aliweza kucheza na kurudi nyumbani kabla wazazi hawajaanza kuuliza maswali, na ukumbi ulipata kiingilio mara mbili kwa siku moja. Kilichokosekana katika bugi ni viti vya kusikilizia. Watu walikwenda kucheza.

Tofauti hiyo ya kucheza na kusikiliza ndiyo iliyoamua ukubwa wa bendi. Wimbo wa dansi huanza taratibu kwa beti na kiitikio, kisha huingia sehemu ya kasi inayoitwa chemko. Hapo magitaa ya solo na ridhimu hufumana juu ya besi, tarumbeta na saksafoni hujibizana nayo, na mpiga solo hutunga papo hapo juu ya mfuatano mfupi unaojirudia. Kwa hiyo utunzi wa papo hapo, ambao ndio roho ya jazz ya Marekani, ulikuwapo. Ulifichwa tu chini ya miguu ya wachezaji. Lakini onesho lililoanza saa tatu usiku liliweza kuendelea hadi alfajiri, na watu wanne hawawezi kubeba mzigo huo. Bendi ilihitaji waimbaji wa kupokezana na wapigaji wa akiba.

Nani angewalipa wote hao? Jibu lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi, NUTA, iliunda NUTA Jazz, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa pamoja na jumuiya yenyewe inajulikana kama Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, na Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki akawa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi.

Mshahara huo ulikuwa afueni kubwa, na hupuuzwa na wanaouangalia wakati ule kama enzi ya nyimbo za kusifu viongozi tu. Bendi haikulazimika kupunguza watu kila ukumbi ulipokosa wateja. Baadhi ya kazi bora za dansi zilitoka katika mfumo huo. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe iliwakilisha Tanzania katika maonesho ya dunia ya Osaka, Japan, mwaka 1970.

Lakini vyombo vilibaki kuwa vya mwajiri. Mbaraka alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 alilazimika kujenga upya, na bendi yake mpya ya Super Volcano ilidumu naye hadi alipofariki katika ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979. Mashirika ya umma yalipoanza kuyumba, na hasa baada ya mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986, bendi zilikuwa miongoni mwa matumizi ya kwanza kuonekana ya ziada. Vyombo vilichakaa stoo. Bendi chache zilipona, zikiishi kwa kiingilio na bia.

Ni katika kipindi hicho ambapo kundi dogo lilipata nafasi. Hoteli za Arusha, Moshi, Dar es Salaam na Zanzibar hazikuhitaji watu 20 jukwaani. Zilihitaji watu wanne au watano wenye kinanda cha umeme, gitaa, besi na mwimbaji, wanaoweza kupiga wakati wageni wanakula bila kuwanyima mazungumzo. Kinanda kilichukua kazi ya tarumbeta na saksafoni, na wakati mwingine hata ya dramu. Wanne wa Tanzania, kwa hiyo, walitokana na bajeti ya mwenye hoteli. Baadhi yao ni mafundi waliotoka katika bendi zilezile za jazz, na wanapopewa nafasi huthibitisha hivyo. Nafasi hiyo haiji mara nyingi, kwa kuwa mgeni anayekula chakula cha mchana hajalipia muziki, amelipia samaki.

Suala la nani anamiliki nini limebaki hadi sasa, safari hii likihusu nyimbo. Wengi walirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zao zilibaki katika maktaba ya redio hiyo ya taifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inamtambua mtunzi wa wimbo na pia inampa haki mpigaji aliyeshiriki kuurekodi. Ugumu uko kwenye karatasi. Santuri nyingi za zamani huonesha jina la bendi kwa herufi kubwa, na mtunzi, akitajwa, hutajwa kwa jina moja tu ndani ya mabano. Aliyepiga saksafoni katika chemko hatajwi kabisa, na bendi yenyewe ilikuwa chama ambacho daftari lake la wanachama limepotea au shirika ambalo limekwisha kuuzwa.