Mafunjo: Mmea wa Ziwani Uliobeba Injili

Je, wajua ya kuwa mmea ule uliosonga katika midomo ya mito Simiyu na Mara, na uliozizunguka ghuba nyingi za Ziwa Victoria hata mvuvi wa Mwanza akauona kuwa ni kizuizi tu cha mtumbwi wake, ndio huo huo ambao juu yake ziliandikwa nyaraka na Injili za Wakristo wa kwanza?

Mafunjo ni ya nasaba moja na ndago, adui wa mkulima, lakini kimo chake hufika mita 4 au 5. Shina lake halina fundo, na ukilikata waona pembe tatu dhahiri, na ndani yake moyo mweupe, mwepesi, uliojaa maji. Mizizi yake husukana hata ikaelea, kamongo na samaki wadogo wakapata maficho chini yake, na tope liletwalo na mito likachujwa kabla halijafika ziwani. Wakazi wa ufukoni huyakata wakafuma majamvi na kuezekea vibanda.

Maji ya ziwa hili hutokea Jinja, yakawa mto Nile, yakateremka hata Misri, na huko mafunjo yalitumika kutengeneza karatasi kwa zaidi ya miaka 3,000. Fundi alilimenya shina, akaupasua moyo wake vipande vyembamba, akavilaza sambamba, akatandika juu yake safu ya pili iliyoikata ya kwanza, kisha akagandamiza. Na utomvu wa mmea wenyewe ukazishikanisha safu zote mbili, ikabaki kuanika na kusugua kwa pembe ya ndovu au kombe hata uso ukawa laini.

Juu ya karatasi ya namna hiyo, yapata mwaka 50, Paulo alianza kuandikiana na makanisa. Katika nyaraka 13 zenye jina lake, wanazuoni karibu wote wakiri kuwa 7 ni zake kwa yakini, ilhali nyingine zingali na mjadala. Na hata katika ule wa Warumi, mkono ulioshika kalamu ulikuwa wa Tertio, katibu anayejitaja mwenyewe katika sura ya 16. Ama Injili nne, hakuna hata moja ambayo ndani yake mwandishi ajitaja kwa jina. Ile ya Marko yadhaniwa na wengi kuwa ya kwanza, yapata mwaka 70, na Mathayo na Luka wameichota kwa wingi, naye Luka akiri waziwazi katika dibaji yake kwamba wengine walimtangulia. Majina tuyajuayo yatokana na mapokeo ya karne ya pili, na Irenei, askofu wa Lyon, yapata mwaka 180, azitaja zote nne kwa majina hayo. Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohana ajiita Mzee tu, na aeleza kuwa hapendi kuyamaliza maneno yake yote kwa karatasi na wino, kwa kuwa atarajia kuonana na wenziwe uso kwa uso. Karatasi hiyo ni mafunjo.

Hati za asili zote zimepotea, tukabakiwa na nakala za nakala. Katika maktaba ya John Rylands, Manchester, kimo kipande cha Injili ya Yohana chenye urefu wa sentimita 8.9 na upana wa 6, kilichonunuliwa Misri mwaka 1920 na kutangazwa na msomi Colin Roberts mwaka 1935, nacho chakadiriwa kuwa cha karne ya pili. Mna humo mistari michache ya sura ya 18, Pilato akimhoji Yesu, na maandishi yako pande zote mbili, ithibati kwamba kilitoka katika kitabu chenye kurasa, wala si gombo la kukunja. Kilichokihifadhi ni ukavu wa mchanga wa Misri. Kwa unyevu wa Mwanza kingalioza zamani, kwa maana mmea huu uishio majini, ukiisha kuwa karatasi, hauna hasimu mkubwa kuliko maji.

Na Injili ilipochapwa kando ya Ziwa Victoria lenyewe, haikuchapwa juu ya mafunjo. Alexander Mackay, fundi na mmisionari Mskoti aliyefukuzwa Buganda mwaka 1887, alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa hilo, akaendelea kufasiri na kuchapa sehemu za Maandiko kwa Kiganda hadi alipofariki Februari 1890. Vifaa vyake vilipandishwa kutoka pwani kwa vichwa vya wapagazi, ilhali mafunjo yalikuwa yamejaa ufukoni.

Wako wanaohofu kwamba kuuliza nani aliandika ni kuipunguzia Injili heshima yake. Mimi naamini kinyume chake, kwa kuwa anayejua kazi ya fundi, ya katibu na ya mnakili humstahi zaidi kila mmoja aliyelipokea neno akalipeleka mbele bila kudai jina. Basi mwalimu wa Mwanza na awachukue wanafunzi wake ufukoni, wakate shina moja, watengeneze karatasi, wanakili juu yake sura moja kwa mkono. Na makosa yao yatawafundisha asili ya Maandiko kuliko hotuba nyingi.