Intaneti ikikatika: tutafute kosa kwa utaratibu



Leo ofisi nyingi za parokia na za masomo zinatumia ordinatera, ndiyo kompyuta, kwa kuandika barua, kutuma hesabu na kupokea habari za jimbo. Siku intaneti inapokatika, kazi inasimama. Mara wengi wanasema: «Mashini imekufa.» Wanaifunga katika gunia, wanaipeleka mjini, wanalipa nauli na feza ya fundi, kumbe pengine waya ulilegea tu. Sharti basi tujue namna ya kutafuta kosa sisi wenyewe.

Sheria ni moja: tuanze karibu, twende mbali pole pole, na tusibadili vitu viwili kwa mara moja. Mgonjwa anayekunywa dawa mbili pamoja, akipona, hajui ni ipi iliyomponya.

1. Macho na mikono

Habari inatoka katika ordinatera, inapita kwa waya ao kwa mawimbi ya wifi, inafika kwenye modemu, ndilo sanduku lenye taa ndogo. Toka pale inakwenda kwa kampani inayouza intaneti, kisha duniani. Basi tutazame kwanza: Taa za modemu zinawaka? Waya umeingia vizuri? Wifi ya ordinatera haikuzimwa? Mega hazikuisha?

Kisha shika simu, uzime mega zake, uiunge kwa wifi ile ile. Kama simu inapata intaneti, modemu na kampani hawana kosa. Tafuta katika ordinatera. Kama simu nayo haipati, acha ordinatera: zimisha modemu, ngoja nusu dakika, iwashe tena, na uipe dakika chache.

2. Adresi

Kila mashini katika mtandao inapashwa kuwa na adresi yake ya namba, na kwa kawaida modemu ndiyo inayoigawa. Katika Windows, tafuta «cmd», fungua dirisha jeusi, andika ipconfig. Adresi inayoanza na 192.168 ni ya kawaida. Lakini ikianza na 169.254, maana yake ordinatera iliomba adresi, haikupata jibu, ikajipa yenyewe. Kosa liko kati yake na modemu.

3. Kupiga hodi

Katika mwaka 1983, Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo jina lake ping. Inatuma neno fupi na kungoja jibu, sawa mtu anayepiga hodi mlangoni. Katika dirisha lile jeusi tupige hodi mara tatu:

Kwanza kwa modemu: andika ping na namba ya mlango wa kutokea iliyoonyeshwa na ipconfig, mara nyingi 192.168.1.1. Kama hakuna jibu, kosa ni la nyumbani.

Pili: ping 8.8.8.8, ndiyo mashini za Google. Kama modemu inajibu na hizi hazijibu, kosa liko kwa modemu ao kwa kampani.

Tatu: ping google.com. Kama namba inajibu lakini jina halijibu, njia ni nzima; kilichoharibika ni DNS, ndicho kitabu cha majina kinachogeuza jina kuwa namba. Kilitungwa na Paul Mockapetris, katika mwaka ule ule wa 1983. Dawa yake: katika mipango ya mtandao, pahali pa DNS, andika 8.8.8.8.

4. Saa

Mara nyingine hodi zote zinajibiwa, lakini kurasa zinakataa kufunguka, zikisema si salama. Tazama tarehe ya ordinatera. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, batri ndogo ya ndani, ya mviringo sawa kipande cha feza, ikiisha, saa inarudi miaka nyuma. Kila ukurasa salama una cheti chenye tarehe. Saa ikidanganya, cheti kinaonekana cha uongo. Sahihisha tarehe, ikirudi tena nyuma, badilisha batri.

5. Kosa la mbali

Tarehe 6 Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, katika bonde refu la mto Kongo, ukakata nyaya mbili kubwa, WACS na SAT-3. Intaneti ikawa dhaifu katika inchi nyingi za Afrika. Siku ya namna hiyo hakuna fundi wa mtaa anayeweza kusaidia. Kungoja ndiyo dawa.

Mwisho, tuwe na daftari karibu na mashini. Tuandike siku, saa, taa zilizowaka, na hodi iliyokosa jibu. Ikilazimu kumwita fundi, tumsomee. Yeye atajua pa kuanzia, na sisi hatutalipa modemu mpya kwa ajili ya waya uliolegea.